Aliyeumia Uti wa Mgongo Asiishie Kitandani



Ni vijiji vichache nchini Tanzania visivyojua habari ya kijana aliyeanguka kutoka mnazini au mwembeni, ya fundi aliyeteleza kutoka juu ya jengo, au ya abiria aliyerushwa na pikipiki barabarani, akafikishwa hospitali akiwa hai lakini miguu yake haina nguvu wala hisia. Waganga hufanya kazi yao. Wiki hupita, pengine miezi, kisha mgonjwa huruhusiwa kurudi nyumbani. Ndugu hufurahi, majirani huja kumpa pole, na baada ya siku chache kila mtu hurudi shambani au kazini. Swali la mazungumzo haya linaanzia hapo: mtu huyu, akiwa nyumbani kwake, atautunzaje mwili wake, na kwa vifaa gani?

Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo umo mshipa mkuu wa fahamu unaopeleka amri za ubongo kwenye viungo na kurudisha hisia kutoka huko. Mshipa huo ukikatika au kubanwa, mawasiliano hukoma chini ya pale palipoumia. Aliyeumia kifuani au kiunoni hupoteza nguvu za miguu. Aliyeumia shingoni huweza kupoteza na za mikono. Lakini madhara hayaishii hapo. Misuli isiyotumika hunyauka, mifupa isiyobeba uzito hupungua uimara, viungio hukakamaa na moyo hudhoofika. Ngozi isiyohisi maumivu, ikigandamizwa na godoro kwa saa nyingi, hufanya vidonda kimyakimya. Ndiyo maana wapo watu walionusurika siku ya ajali, kisha wakafa baadaye kwa vidonda vya mgandamizo na maradhi ya kibofu na figo.

Hali hiyo haikuzihusu nchi changa peke yake. Hata Ulaya, kabla ya Vita Kuu ya Pili, wengi wa walioumia namna hiyo walihesabiwa kuwa ni watu wa kusubiri kufa. Aliyepinga fikra hiyo kwa vitendo ni Daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939, ambaye mwaka 1944 alikabidhiwa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, akawatoa kitandani, akawafanyisha mazoezi na kazi za mikono. Mwaka 1948 aliandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, wakashiriki watu 16 waliokaa kwenye viti vya magurudumu. Kutokana na mashindano hayo ilikuja kuzaliwa Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Roma mwaka 1960. Kiini cha mafanikio hayo kilikuwa nidhamu ya kila siku, wala si mtambo wa ajabu.

Elimu ya leo imethibitisha msingi huo. Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu, uliotolewa mwaka 2018, unashauri kwamba mtu mzima ambaye jeraha lake limetimiza mwaka mmoja apate angalau dakika 20 za mazoezi ya kuchangamsha moyo, mara 2 kwa wiki, pamoja na seti 3 za mazoezi ya nguvu kwa kila kundi kubwa la misuli inayofanya kazi, mara 2 kwa wiki. Kwa kulinda afya ya moyo na kujikinga na maradhi kama kisukari, dakika ziwe 30, mara 3 kwa wiki. Hiyo ni saa moja na nusu tu kwa wiki nzima. Kinachokosekana katika nyumba nyingi si muda, bali ni kifaa na mtu wa kuelekeza.

Je, vifaa hivyo ni lazima viagizwe ng'ambo? Hasha! Ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukafungwa kwenye nguzo imara mbele ya kiti, humwezesha mtu kuvuta na kuimarisha misuli ya mgongo wa juu na ya nyuma ya mabega, ambayo kazi ya kusukuma magurudumu huisahau. Kapi lililofungwa kwenye boriti, pamoja na kamba na mfuko wa mchanga uliopimwa kwenye mizani, hutoa zoezi la mikono ambalo uzito wake huongezwa kidogo kidogo. Vibao viwili vyenye vishikio humsaidia mtu kujiinua kutoka kwenye godoro, ajizoeze kuhama kutoka kitandani kwenda kitini. Pedeli na mnyororo wa baiskeli kuukuu, vikichomelewa kwenye meza na kuzungushwa kwa mikono, huamsha moyo na mapafu. Asiyeweza kukunja vidole hufungiwa kishikio kwa kitambaa laini.

Mfano upo. Katika kijiji cha Ajoya, magharibi mwa Mexico, mradi wa PROJIMO ulioanza mwaka 1981 uliendeshwa na wanakijiji wenye ulemavu wenyewe. Walitengeneza viti vya magurudumu na vifaa vya mazoezi kwa mbao, vyuma na mabaki waliyoyapata, na kila kifaa kilipimwa kwa mwili wa mtumiaji. Hapo pana fundisho kubwa: fundi asianze kukata ubao kabla ya kumsikiliza atakayekitumia.

Hata hivyo, urahisi wa kifaa usiwe kisingizio cha uzembe. Kamba ijaribiwe kwa mzigo mzito kuliko utakaotumika. Kingo zilainishwe, na chuma kilichoachwa juani kisiguswe na ngozi isiyohisi, maana kitaunguza bila mwenyewe kujua. Ngozi ikaguliwe kila jioni. Fremu ya kusimamia isitumiwe bila idhini ya mtaalamu wa viungo, kwa kuwa mifupa iliyodhoofika huvunjika, na shinikizo la damu huweza kushuka ghafla. Aliyeumia sehemu ya juu ya kifua au shingoni afanye mazoezi kivulini, kwa sababu mwili wake hautoi jasho la kutosha kujipoza. Akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, mazoezi yakome, akalishwe wima, nguo zilegezwe, kibofu kikaguliwe, na msaada wa daktari utafutwe haraka. Hiyo ni hatari ya kweli.

Aidha, wananchi wajihadhari na wachuuzi wa matumaini. Hakuna kapi wala mashine ya nyumbani inayounga mshipa uliokatika. Kazi ya kifaa ni kulinda nguvu iliyobaki ili mtu aoge, ahame, asafiri na afanye kazi kwa juhudi zake mwenyewe. Vivyo hivyo, huruma ya ndugu wanaosema "mwacheni apumzike" haina budi kurekebishwa. Mapumziko yasiyo na mwisho ndiyo yanayomdhoofisha.

Wajibu wa watumishi wa umma uko wazi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikatungwa mwaka 2010. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Tanzania Bara mwaka 2015, unahusisha huduma za utengamao kwa aliyeumia kazini; ofisa anayechelewesha taarifa ya ajali anamchelewesha mtu kuinuka. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, inatenga asilimia 2 ya mapato ya ndani kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi wenye ulemavu kinachotengeneza vifaa hivi kisaidiwe kuandika maombi yake, kisizungushwe kutoka dirisha moja hadi jingine.

Walimu nao wanayo karakana. Mwanafunzi wa ufundi anayefundishwa kupima na kuchomelea kwa kutengeneza stuli ya maonyesho, anaweza kujifunza yale yale kwa kutengeneza kifaa cha jirani wa shule, chini ya uangalizi wa mwalimu na mtaalamu wa viungo.

Hospitali huokoa maisha. Nyumba ndiyo huyaendeleza. Kabla mgonjwa hajasaini karatasi ya kuondoka wodini, na aulizwe na aandikiwe: nani atampima, nani atatengeneza, nani atamfuata nyumbani. Majina matatu katika karatasi moja si gharama ambayo Serikali yoyote hushindwa kuibeba.