Hofu ya Jirani na Tabibu wa Karema



Mada ni kushinda hofu kwa imani. Nimeipunguza kidogo, maana hofu ni nyingi: ya njaa, ya tembo kuingia shambani, ya matokeo ya mtihani. Nitazungumzia moja tu, ambayo tunalala nayo chumba kimoja. Ni hofu ya jirani.

Rambaramba mnawajua, wengine huwaita kamchape. Mtoto kafa kwa homa, mvua imekawia, basi kijiji kinachangishana kaya kwa kaya na mafundi wanaitwa. Wanachimba chini ya kitanda cha bibi fulani. Inatoka pembe iliyoviringishiwa kitambaa, na bibi anaapa kwamba hajapata kuiona. Ushahidi mwingine ni macho yake mekundu, kana kwamba miaka hamsini ya moshi wa kuni haitoshi kuyafanya mekundu. Anaaibishwa mbele ya wajukuu. Usiku huo kijiji kinalala usingizi mnono. Masika yanayofuata mtoto mwingine anashikwa na homa, anatafutwa bibi mwingine.

Jambo hili si la jana. Mwanaanthropolojia Roy Willis alichapisha uchunguzi wake juu ya kamchape wa Ufipa mwaka 1968, na katika miaka ya 1930 mafundi kama hao, mchape, walikwisha kuvuma Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mafundi hawa huahidi kijiji kisicho na uchawi hata kidogo. Ahadi ya namna hiyo ni ya kidini, ndiyo maana wanagombania watu walewale na kanisa. Na wakati mwingine, mniwie radhi, wamo humohumo kanisani. Mama aliyeharibikiwa na mimba anakwenda kuombewa, anarudi nyumbani ameambiwa na mhubiri kwamba adui yake ni wa ukoo wake mwenyewe. Mhubiri wa namna hiyo ameshika kipaza sauti badala ya jembe, lakini anachimba chini ya kitanda kilekile.

Sasa niwaletee mtu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Adriano Atiman alizaliwa katika miaka ya 1860 upande wa Mto Niger, eneo la Timbuktu. Alitekwa angali mtoto, akavushwa Sahara, akauzwa. Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mwaka 1868 kule Algiers, walimkomboa kwa fedha, kisha wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa tabibu na katekista. Alikaa hapo hadi alipofariki mwaka 1956.

Ni miaka 67! Na tazameni alikofikia. Misheni ilikuwa ndani ya ngome ambayo Wabelgiji waliianza mwaka 1879 na kuwaachia mapadri mwaka 1885. Pande za ziwa bado watu walikuwa wakiuzwa. Aliyeuzwa utotoni anapelekwa penye soko la watu. Kama yupo aliyekuwa na haki ya kumshuku kila mgeni, ni huyu. Lakini yeye alioa kwa wenyeji, Wabende, akazaa huko, na mwanawe Joseph akawa padri. Mitishamba ya wenyeji alijifunza, hakuifagia yote kuwa ya shetani. Malale yalipozikumba pwani za Ziwa Tanganyika, hakuhama. Hadi leo Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake.

Hofu ya jirani huuliza: ni nani? Tabibu huuliza: ni nini? Kwa Atiman swali hilo la pili halikuwa la Malta peke yake. Cheti hakimweki mtu Karema miaka 67. Kilichomweka ni upendo. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya nne, unapoizungumzia hofu, hauishindanishi na ushujaa. Unaishindanisha na upendo, tena upendo wa ndugu unayemwona kwa macho. Nadhani tunaisoma sura hiyo haraka mno. Tunatamani imani ituondolee hofu kwanza, ndipo tumsogelee mgonjwa. Maisha ya Atiman yanaonyesha mwendo mwingine: anamsogelea mgonjwa, na hofu inakosa kazi.

Msinielewe vibaya, si kila hofu ni ya kubuni. Wakimbizi waliokuja Katumba, na baadaye Mishamo, waliyakimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Kumwambia mtu kama huyo aache mawazo hasi ni utovu wa adabu. Walijenga makanisa porini na kulima huku hofu yao ikiwa bado na sababu zake zote. Wengi wao wakapewa uraia mwaka 2014, na watoto wao ndio majirani zetu hapa Mpanda mjini.

Ombi langu kwa makanisa ya Katavi lina gharama. Zikisikika habari kwamba mafundi wameitwa kijijini, polisi wapewe taarifa, na katekista au mchungaji awe amekwisha kukaa uani kwa yule bibi kabla jembe halijafika. Asiende na hotuba. Aende na kiti. Na shule za makatekista zifundishe dalili za malaria kali, nimonia na kifafa, ili msibani awepo mtu mmoja anayeweza kusema mtoto ameuawa na nini. Padri atakayepinga kwamba hiyo si kazi ya katekista, ajibu kwanza Atiman alikuwa nani.

Maswali sasa, na naomba tuanze na akina bibi waliokaa kule nyuma.