MAZINGATIO KATIKA MATEMBEZI YA KIANGAZI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Cheyo, Tabora, baada ya sala ya Alasiri)

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahli zake, sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Amma baad.



Baadhi ya wazazi wametuuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini madrasa iliwatoa watoto darasani siku nzima ya mwezi wa tisa ikawapeleka Kwihara, na kwa nini vijana wakubwa waliruhusiwa kuchukua simu na kupiga picha njiani. Mzazi mmoja alisema kwamba yeye humleta mwanawe kwetu asome, hamleti atembee. Tumeona jibu letu tulitoe hapa mbele ya wote, kwani swali hili si la mzazi mmoja.

Qur'ani Tukufu imeamrisha mwendo. Katika Suratul Ankabut, aya ya 20, Mtume (s.a.w.) anaamrishwa awaambie watu watembee katika ardhi kisha watazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Amri ya kutembea imetangulia amri ya kutazama. Na katika Suratul Ghashiya watu wanaulizwa kuhusu ngamia, mbingu, milima na ardhi, vitu ambavyo Mwarabu wa jangwani aliviona kila siku bila kuvifikiri. Lau aya hizo zingeteremka kwa watu wa Unyamwezi, labda tungeulizwa kuhusu nyuki na miti ya miombo. Imamu Ghazali (r.a.) katika Ihyaa alikitenga kitabu kizima kwa ajili ya kutafakari, wala hakukiweka pembezoni mwa dini.

Tuliosoma Kiarabu tunajua kwamba neno ibra, ambalo sisi tunaliita mazingatio, limetoka katika kitenzi chenye maana ya kuvuka. Mwenye kupata ibra ni mtu aliyevuka kutoka katika kile anachokiona akafika katika kile asichokiona. Anayesimama ukingoni akasifu uzuri wa maji bado hajavuka. Na neno safari, ambalo misafara ya nchi hii ililibeba hadi Waingereza wakalichukua katika lugha yao, wanachuoni wamelihusisha na kufunua, kwa sababu safari huzifunua tabia za watu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipoletewa mtu wa kumshuhudia mwenziwe kwa wema, alimuuliza kama amewahi kusafiri naye. Nasi katika mwendo wa asubuhi moja tulijua ni mtoto yupi anayegawa maji yake na yupi anayeyaficha. Miaka miwili ya darasani haikutuonesha hilo.

Basi tulitoka Cheyo baada ya Alfajiri. Miombo kwa wakati ule ilikuwa imeanza kuchipua. Ninyi nyote mmeiona hali hii, lakini wengi hatuifikiri: mvua zetu huanza takriban mwezi wa Novemba, na miti hii hutoa majani mapya mekundu kama shaba wiki nyingi kabla ya tone la kwanza, wakati ardhi imekauka na upepo unabeba vumbi tupu. Huchipua kwa maji iliyojiwekea ndani yake na kwa yale ambayo mizizi yake huyafikia chini sana. Mtoto mmoja wa darasa la chini alituuliza mti umejuaje kwamba mvua itakuja. Tulimwachia swali lake aende nalo nyumbani, kwani lilikuwa bora kuliko jibu tulilokuwa nalo.

Kuhusu nyuki tulisema machache. Suratun Nahl, aya ya 68, inataja makazi yao milimani, mitini na katika yale wanayoyajenga watu, na watu wa Tabora, nchi ya asali, hawahitaji tafsiri ndefu. Ila tuliwaonesha watoto mti uliovuliwa gome lake lote kwa ajili ya mzinga, ukasimama umekufa. Mrina asali aliyetenda hivyo amepata mzinga mmoja na amepoteza maua ya miaka yote ya mti ule. Ukijumlisha mkaa, na kuni zinazokaushia tumbaku, utafahamu kwa nini msitu unazidi kurudi nyuma.

Tukafika Kwihara. Hapo, ndugu zetu, ndipo penye jambo lililotufanya tuombe nafasi hii ya kuzungumza nanyi.

Wageni hupelekwa Kwihara kuliona tembe alimokaa Daktari Livingstone kuanzia Februari hadi Agosti mwaka 1872, akingoja wapagazi na vifaa kutoka pwani. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wakaibeba maiti yake kwa miguu, wakapita hapa Unyanyembe mwaka ule ule, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Ni kisa cha uaminifu, na watoto walikisikiliza kwa makini. Lakini njia iliyopita Kwihara haikuwa ya mgeni mmoja. Ilikuwa njia kuu ya pembe za ndovu na ya watumwa, kutoka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hadi pwani ya Bagamoyo, na Tabora ilikuwa kituo chake kikubwa cha bara. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, na Kwihara imo.

Tuwe waadilifu. Si kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, wakilipwa ujira, na sifa ya ustahimilivu wao ilienea hadi Unguja. Lakini pamoja nao walipita watu waliotekwa makwao, wanawake na watoto miongoni mwao, na wenye misafara wengi walikuwa Waislamu. Baadhi ya wazee walitunasihi tusiyafukue haya mbele ya watoto, kwa kuwa katika mji huu wamo waliotokana na wafanyabiashara na wamo waliotokana na waliouzwa, na leo wote ni jamaa moja, wanaoana na kuzikana. Tunawaheshimu wazee wetu, na tunaifahamu hofu yao. Hata hivyo hatukuweza kunyamaza, kwa sababu kijana mmoja wa miaka kumi na mitatu alikuwa amekwisha kuuliza: Je, hao waliokuwa wakiuza watu walikuwa wakisali?

Tulimjibu kwamba ndiyo, wengi wao walikuwa wakisali. Kisha tukamsomea hadithi Qudsi iliyopokewa na Imamu Bukhari, kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Watu waliotekwa vijijini mwao usiku walikuwa watu huru. Sala ya mwenye msafara haikuibadilisha hukumu hiyo. Mwislamu akimficha mtoto jambo hili, mtoto atalisikia kwa mwingine, naye atadhani kwamba dini ndiyo iliyoficha.

Na mbona Qur'ani haikuficha? Katika Suratu Yusuf, aya ya 19 na ya 20, msafara unapita, mchota maji wao anateremsha ndoo kisimani, mtoto anatoka, nao wanamfanya bidhaa na kumuuza kwa dirhamu chache za kuhesabika. Tazameni jambo moja ambalo wengi hulipita: watu wa msafara ule hawakutajwa hata jina lao moja. Aliyeuzwa ndiye aliyetajwa, na sura nzima ikaitwa kwa jina lake. Kwihara mambo yamekaa kinyume. Majina ya wenye nyumba na ya wageni wao yanajulikana, na ya waliopitishwa njiani hayajulikani. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, yaani wamo miongoni mwetu ambao babu za baba zao waliuona.

Sasa tuje katika picha. Ndugu zetu wengine wameona simu kuwa ndiyo kosa kubwa la siku ile. Wanachuoni wametofautiana kuhusu picha ya kamera. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, aliikataza picha ya kila chenye roho isipokuwa kwa dharura. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliijuzisha kwa hoja kwamba mpiga picha haumbi kitu, bali anakizuia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Sisi tumeifuata rai hii ya pili kwa masharti yake, wala hatumlaumu anayejihadhari.

Na elimu hii si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra takriban mwaka 965 na kufariki Cairo takriban mwaka 1040, alieleza katika Kitabul Manadhir kwamba jicho halitoi mwali wa kwenda kukishika kitu, kama walivyodhani wengi kabla yake, bali nuru hutoka katika kitu ikaingia jichoni. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu dogo la mahali penye giza, akaona kila taa inaleta doa lake la nuru ndani, na akiifunika moja, doa lake peke yake linatoweka. Kamera ni chumba kile kile cha giza chenye tundu. Maana yake, kuona ni kupokea, na chumba kilichojaa taa zake chenyewe hakipokei cha nje.

Hilo tulilishuhudia jioni tulipozitazama picha za vijana. Nyingi zilikuwa za nyuso zao wenyewe. Miti iko nyuma ya bega, mlango wa tembe umeonekana nusu, mwenzao aliyechoka amekatwa kichwa. Walikwenda Kwihara wakarudi na sura ambazo walikuwa nazo tangu Cheyo. Hatukuwakemea, maana hata watu wazima hufanya hivyo Makka mbele ya Al-Kaaba, na hao wamelipa nauli kubwa zaidi. Tuliwaambia wafute zote isipokuwa tatu, kisha kila mmoja aeleze kwa nini ameziacha hizo. Darasa hilo lilichukua saa mbili, na lilikuwa zito kuliko somo la nahau. Binti mmoja alibakisha picha ya ardhi tupu, njia nyembamba ya vumbi yenye alama za nyayo. Alisema hakujua apige picha gani ya watu wale wasio na majina, basi akapiga picha ya mahali pa kukanyaga.

Tuliwakumbusha pia Suratul Jathiya, aya ya 29, ambamo Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba matendo ya watu yalikuwa yakinakiliwa. Kitenzi kilichotumika ni kile kile cha kutoa nakala. Kijana anayehangaika kuifuta picha mbaya kwenye simu na aifikirie nakala ambayo hana uwezo wa kuifuta. Na picha ya mgonjwa kitandani, ya maiti kabla ya kuzikwa, ya mwanamke asiyetoa ruhusa, hizo hatuzijuzishi kwa rai yoyote, hata kama mpigaji anadai anataka watu wapate mazingatio.

Matembezi yajayo, inshaallah, yatakuwa ya bwawa la Igombe baada ya mvua kukatika. Mzazi asiyetaka mwanawe apigwe picha atujulishe mapema, na ombi lake litaheshimiwa bila kuulizwa sababu. Simu zitabebwa na walimu, moja kwa kila kundi la watoto kumi, na kila mtoto atapiga picha mbili tu. Wazee wanaokumbuka habari za njia ya zamani kutoka kwa babu zao, hasa wale walionasihi tusiyafukue, tunawaomba wafuatane nasi, watoto wayasikie kutoka kwao. Usafiri wa mzee tutaubeba sisi.

Wabillahi tawfiq.