Ujuzi wa Mmoja Uwe Mali ya Wote
(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za elimu za vyama vya msingi)



Katika vyama vyetu si ajabu kuikuta mashine ya kukoboa au pampu ya maji imesimama msimu mzima, ingawa vipuri vipo, kwa sababu fundi aliyeijua amehama na ujuzi wake. Kwa ajili ya jambo hilo naomba niwaeleze habari za vijana wanne, kisha tujipime.

Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, Marekani, yalifanyika mashindano ya wanafunzi waundao mitambo ya kuzamia majini. Mtambo wa namna hiyo ni roboti: haubebi mtu, bali huongozwa kwa waya na watu walioko nchi kavu. Kila kikundi kilitakiwa kuuzamisha mtambo wake bwawani, upime urefu wa mfano wa nyambizi iliyozama, upime joto la maji, na ufyonze kimiminika kutoka katika pipa lililolazwa chini.

Miongoni mwa washindani walikuwamo vijana wanne wa shule ya sekondari ya Carl Hayden, iliyoko katika mtaa wa watu wa kipato kidogo mjini Phoenix. Walimu wao, Fredi Lajvardi na Allan Cameron, waliwaandikisha katika daraja la juu pamoja na vyuo, kwa kuona kwamba kushindwa na wakubwa si aibu. Hivyo wakakabiliana na Massachusetts Institute of Technology, chuo kinachosifika duniani kote kwa uhandisi. Wenzao wa chuo hicho walikuwa na zaidi ya dola 10,000. Wao walikuwa na dola 800 hivi, tena za michango.

Kiunzi cha mtambo wakakiunda kwa mabomba ya plastiki, yale yale ya mafundi wa maji, na hewa iliyofungiwa ndani yake ikawa boya. Gundi yake ilinuka mno, mtambo ukapewa jina la Stinky, yaani "Mnukaji". Betri wakaziweka ndani ya sanduku juu ya mtambo wenyewe, ili waya wa kuuongoza uwe mwembamba na usiuelemee. Kumbe sanduku likavuja. Maji yangefika kwenye vyombo vya umeme, kazi yote ingepotea. Ndipo mmoja wao aliposhauri watumie visodo vya wanawake, kwa kuwa hufyonza maji upesi. Akaenda dukani, akamwuliza mama mmoja asiyemfahamu ni vipi vinavyofyonza zaidi. Wakavipanga ndani ya sanduku, mtambo ukazama salama.

Ndugu Wajumbe, bwawani MIT ilipata pointi nyingi kuliko wao. Lakini pointi za bwawani hazikuwa zote. Kila kikundi kiliandika taarifa ya kazi yake na kuhojiwa na majaji waliobobea katika uhandisi. Vijana wakaulizwa namna walivyopima urefu kwa mwali wa leza. Wakaeleza kwamba mwali husafiri polepole majini kuliko hewani, hivyo iliwabidi kusahihisha kipimo kwa asilimia 30. Hapakuwa na sehemu ya mtambo ambayo hawakujua sababu yake. Matokeo yaliposomwa, Carl Hayden ilikuwa ya kwanza kwa jumla na MIT ya pili. Walitunukiwa pia kwa usanifu na kwa uandishi wa taarifa.

Hata hivyo, ushindi huo haukuwafungulia milango yote. Vijana hao walikuwa wameletwa kutoka Mexico wakiwa wadogo, na hawakuwa na hati za ukaazi, kwa hiyo njia ya chuo kikuu ikawa nyembamba kwao. Akili walikuwa nayo, na umoja walikuwa nao. Kilichopungua ni chombo cha kuwashika mkono baada ya makofi kwisha.

Sisi chombo hicho tunacho, nacho ni ushirika. Basi nawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mashine ya chama iwe na watu wasiopungua watatu wanaoweza kuiendesha na kueleza inavyofanya kazi. Pili, kila tengenezo liandikwe daftarini, nalo daftari likae ofisini, lisikae nyumbani kwa fundi. Tatu, vijana wetu wanaofungua redio na kuunda vinu vya kuchezea waitwe kwenye mikutano, waulizwe shauri, na fungu la elimu liwafikie. Na mwenye wazo asichekwe: wazo lililookoa mtambo ule lingeweza kuchekwa likafa.

Kidole kimoja hakivunji chawa.