Chakula cha Mama ni Sehemu ya Dawa Yake

Hotuba ya walimu wakimbizi, kambi ya Dzaleka, Malawi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani



Tarehe 24 Machi 1882 daktari Mjerumani, Robert Koch, alitangaza kwamba amegundua kijidudu cha kifua kikuu. Ndiyo maana leo tumekusanyika. Sisi si waganga, lakini nyumba inapougua, mwalimu huona mapema usoni mwa mtoto.

Mwaka jana mtoto mmoja wa darasa la nne alianza kukosa masomo. Tulipomtembelea tulimkuta anapika, mama yake amelala. Mama huyo, aliyeturuhusu tuseme habari zake bila jina, alikuwa na virusi vya UKIMWI pamoja na kifua kikuu. Vidonge vilikuwa chini ya mto, havijaguswa siku tisa. Tulipomwuliza akajibu: "Mwalimu, vinanichoma tumbo tupu. Na unga ni wa watoto."

Ndugu zetu, neno hilo ndilo lililotuleta mbele yenu. Kifua kikuu hula mwili: homa huunguza nguvu, hamu ya chakula hupotea, uzito hushuka. Mtu mzima mwenye virusi na ambaye dalili zimeanza huhitaji chakula cha kutia nguvu zaidi ya mwenye afya kwa asilimia 20 hadi 30. Lakini nyumbani kwetu nani hula mwisho? Ni mama. Anayehitaji zaidi ndiye anayepata masalio.

Kumlisha mama ni kuwakinga watoto pia. Nchini India, jimbo la Jharkhand, watafiti walizipa familia za wagonjwa wa kifua kikuu chakula cha ziada. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023: jamaa waliopewa chakula hicho waliugua kifua kikuu kwa uchache wa asilimia 39 kuliko wale ambao hawakupewa.

Tukisema chakula, hatusemi nyama kila siku. Uji wa likuni phala asubuhi, kabla vidonge havijamchoma. Lengalenga au sombe yenye unga wa karanga. Maharagwe. Usipa waliotwangwa, watiwe katika mboga. Kijiko cha mafuta. Asiye na hamu ale kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Chai ingoje, isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Pombe aiache, inaumiza ini pamoja na dawa.

Lakini chakula hakichukui nafasi ya dawa. Uzito ukirudi mwezi wa pili, vidonge vya kifua kikuu viendelee hadi mwezi wa sita, na vya virusi maisha yote. Malawi ilikuwa nchi ya kwanza duniani, mwaka 2011, kuamua kila mama mjamzito mwenye virusi apewe dawa za maisha. Tusiziache zilale chini ya mto kwa kukosa bakuli la uji.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Akina baba, mama mgonjwa apakuliwe kwanza. Majirani, msaidieni kuni na maji, wala msimtengee vyombo: kifua kikuu huambukiza kwa hewa, si kwa sahani, fungueni madirisha. Kamati na mashirika, unga wa wagonjwa utolewe kliniki pamoja na vidonge, usiwe na mstari wake peke yake, kwani anayesimama pale husomwa na kambi nzima. Tena upimwe kwa hesabu ya nyumba. Hakuna mama atakayekula huku watoto wake wenye njaa wanamtazama.

Mama yule alirudi kliniki. Majirani watatu walipokezana kumletea uji, na miezi sita aliimaliza. Mtoto wake yuko darasani. Haba na haba hujaza kibaba.