Sikukuu Inayongoja Jumamosi
Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia

Wale walio nyuma kabisa wasogee, viti vipo hapa mbele.

Mwaka huu vikundi kadhaa vimetuletea swali moja, kila kimoja kwa njia yake. Mzazi amesimama mbele ya kamati akaomba mkopo mkubwa kuliko kawaida. Kijana wake amesomea kompyuta, na sasa anataka kwenda ng'ambo kufanya kazi ya kuandika programu. Ati akishafika tu, mkopo utalipwa kwa miezi michache. Kamati inaangaliana. Hakuna anayejua maisha hayo yakoje, na kila mtu anaogopa kuonekana ana wivu. Basi tumeona leo tuzungumze juu ya watu waliotutangulia katika njia hiyo, na waliotutangulia kwa wingi kupita wote ni Wahindi.

Tukitaja Mhindi hapa kwetu, wengi wetu tunamfikiria mwenye duka la vitambaa au la vifaa vya ujenzi pale mjini. Huyo ni Mkenya mwenzetu, na pengine babu yake alizaliwa hapa. Leo tunamzungumzia mwingine: kijana aliyezaliwa Hyderabad au Bengaluru, au kijiji cha karibu na miji hiyo, akasoma uhandisi, kisha akaenda Marekani. Hatutampa jina, kwa maana ni wengi na maisha yao yanafanana.

Kwanza kazi yenyewe. Ukipokea pesa kwa simu, kuna mtu aliyeketi mahali akaiandikia mashine maagizo, mstari kwa mstari: toa kwa huyu, mpe yule, kata ada, andika kumbukumbu. Mstari mmoja ukikosewa, pesa zinapotea njia. Wahindi waliingia katika kazi hii kwa nguvu miaka ya 1990. Kompyuta nyingi za zamani zilikuwa zinahesabu mwaka kwa tarakimu mbili tu, na watu waliogopa kwamba 2000 ikifika mashine zitadhani ni 1900. Ilibidi mistari mamilioni na mamilioni ikaguliwe, na India ilikuwa na vijana wengi waliosomea kazi hiyo na wanaojua Kiingereza. Wengine waliifanya wakiwa kwao, wengine wakapanda ndege.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 ndiyo iliyoleta viza iitwayo H-1B, na kwa miaka mingi sasa Wahindi wanapata zaidi ya nusu ya viza hizo. Hapa tafadhali tusikilizane vizuri. Viza hii haiombwi na kijana, inaombwa na mwajiri. Ni ya miaka mitatu, na inaweza kuongezwa mitatu mingine. Viza mpya kwa makampuni zina kikomo cha 85,000 kwa mwaka, na waombaji ni wengi kupita hapo, hata kwa miaka mingi majina yalikuwa yakichaguliwa kwa kura. Karibu na Hyderabad, mahali paitwapo Chilkur, kuna hekalu la zamani ambalo mungu wake watu wamempa jina la utani, Balaji wa Viza. Mwombaji hulizunguka mara 11 akitaja haja yake, na akifanikiwa hurudi kuzunguka mara 108 kutoa shukrani. Msicheke. Na sisi tumeona pasipoti zikiletwa kuombewa.

Haya, amefika. Kama bado hana familia, anapanga nyumba pamoja na wenzake wawili au watatu, kwa sababu kodi za California ni kali. Ndani ya sanduku lake mama ametia sufuria ya presha, bizari na achari, na mara nyingine picha ndogo ya mungu wa nyumbani. Kuna maduka ya vyakula vya Kihindi, kama Patel Brothers lililoanzia Chicago mwaka 1974, ambako atapata dengu, mchele wake na hata majani ya mgomba yaliyogandishwa kwa barafu. Mgomba! Sisi tunaofunikia vyungu kwa majani hayo bila kuyahesabu tungeshangaa kuyaona yana bei.

Asubuhi kuna kikao kifupi, kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kimemkwamisha. Halafu ni kuketi. Anaandika maagizo, anayajaribu, yanakataa, anatafuta kasoro. Wengi wana zamu ya kulala na simu kitandani, ili mitambo ikiharibika saa nane za usiku waamke kuitengeneza. Mara nyingi nusu ya kundi analofanya kazi nalo liko India, kwa hivyo akitoka ofisini jioni bado kuna vikao vya usiku, kwa maana huko kumekucha.

Saa hizo ndizo zinazomla. Wakati wa kiangazi, California ikiwa saa mbili usiku, India ni saa mbili na nusu asubuhi ya kesho yake. Mama ameoga, amewasha taa yake ya sala, ana nguvu na anataka mazungumzo. Mtoto amechoka, macho mekundu. Mama anasema, "Umenyamaza sana siku hizi." Wangapi hapa wana mtoto ng'ambo? Nyosheni mikono. Mnaona? Nanyi mmewahi kusema hivyo hivyo.

Tuje kwenye sikukuu, maana hapo ndipo mtu hujua yuko mbali. Sikukuu nyingi za Wahindu zinafuata mwezi, hazijali ni Jumatatu wala Alhamisi. Mwaka 2025 Diwali, sikukuu ya taa, iliangukia Jumatatu tarehe 20 Oktoba. Hapa Kenya ilikuwa pia Sikukuu ya Mashujaa, tulipumzika sote. Na hata ingekuwa siku nyingine, sheria yetu inawapa Wahindu mapumziko ya Diwali. Kule Marekani si siku ya mapumziko ya taifa. Sehemu chache zimeanza kuitambua: shule za serikali za jiji la New York zilifungwa kwa Diwali mara ya kwanza tarehe 1 Novemba 2024. Lakini kijana wetu siku hiyo yuko kazini. Sikukuu inangoja Jumamosi.

Kwao Diwali ni siku kadhaa. Nyumba inasuguliwa, inapambwa kwa maua ya unga wa rangi mlangoni, taa ndogo za udongo zinajazwa mafuta na kupangwa ukutani, mungu wa kike Lakshmi anaombwa alete neema. Wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua vitabu vipya vya hesabu siku hizo na kuviombea. Waweka hazina mliopo hapa, mmesikia? Kule ng'ambo, nyumba ya kupanga ina kengele ya moshi juu ya dari. Ukiwasha taa za mafuta ishirini, jengo zima litatolewa nje. Wengi hutumia vitaa vya betri ndani, na cha mafuta kimoja au viwili nje kwenye baraza. Fataki katika miji mingi ya California ni marufuku. Na wakati wa sikukuu ya Ganesh, ambapo sanamu ya udongo ya mungu mwenye kichwa cha tembo huzamishwa mtoni au baharini, wapo wanaoizamisha kwenye ndoo nyuma ya nyumba, halafu maji wanamwagia maua.

Kuna moja inayotugusa zaidi. Kwenye mwezi mpevu, mara nyingi Agosti, dada humfunga kaka yake uzi mkononi, naye kaka humpa zawadi na kuahidi kumlinda. Sasa kaka yuko mbali. Dada ananunua uzi mapema, anautia katika bahasha na kuutuma kwa posta. Siku ikifika kaka anaufunga mwenyewe kwa mkono mmoja na meno, simu imeegemezwa kwenye kikombe ili dada aone.

Watu wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, wana Onam, na huko huisherehekea Wahindu, Wakristo na Waislamu pamoja. Hadithi yake ni ya Mahabali, mfalme mwema aliyeondolewa katika nchi yake akaruhusiwa kurudi mara moja kwa mwaka kuwaona watu wake. Wanamwandalia chakula cha aina ishirini na zaidi juu ya jani la mgomba. Fikirini basi watu walio ugenini wakiandaa karamu ya mfalme anayeruhusiwa kurudi kwao, na wao wenyewe wameshindwa kupata ruhusa ya kwenda.

Karamu hizo zinafanyikaje? Hapa ndipo vikundi mtajiona kwenye kioo. Hakuna tajiri anayelipa. Watu wa lugha moja, Watelugu kwao, Watamil kwao, Wabengali kwao, wana chama chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kila familia inatoa mchango kulingana na watu wake. Ukumbi wa shule ya mtaani unakodishwa Jumamosi, pamoja na amana. Mmoja analeta wali, mwingine mchuzi wa dengu, wengine wanapanga viti, na watoto waliozaliwa huko wanafundishwa ngoma ambayo hawajawahi kuiona ikichezwa kijijini. Zile ngoma za Wagujarati za usiku tisa mfululizo zinasukumwa zote kwenye Ijumaa na Jumamosi. Ukumbi lazima ufagiliwe kabla ya saa ya kufunga, la sivyo amana imepotea, na hapo ndipo wanapojulikana wanachama wa kweli na wale wa kula tu. Ni harambee, ndugu zetu. Mgeni akifika hana godoro wala hajui benki iko wapi, chama hicho hicho ndicho kinachompokea.

Sasa upande mwingine wa shilingi. Tangu Januari 2017, mwenye viza hiyo akifutwa kazi hupewa hadi siku 60 apate mwajiri mwingine, au abadilishe viza, au aondoke. Kati ya Novemba 2022 na Januari 2023, Meta ilitangaza kupunguza watu 11,000, Microsoft 10,000 na Google 12,000 duniani kote. Waliokuwa na viza hizo walianza kuhesabu siku. Mtu ana mtoto shuleni, ana gari la mkopo, ana nyumba, na kalenda iko ukutani.

Akiomba kibali cha kukaa daima, sheria inasema waliozaliwa nchi moja wasipate zaidi ya asilimia 7 ya vibali vya kazi kwa mwaka. Kwa Mkenya haina neno kubwa, sisi ni wachache kwenye mstari huo. Kwa Mhindi ni foleni ya miaka kumi na zaidi. Na akisafiri kwenda kwao anaweza kuhitaji muhuri mpya wa viza kabla ya kurudi. Desemba 2025 wengi waliokwenda India kwa ajili hiyo walipata taarifa kwamba miadi yao imesogezwa hadi mwaka uliofuata, na kazi zao ziko ng'ambo zinawangoja. Ndiyo maana unaona mtu ana pesa ya tikiti na haji. Wakati wa korona, Aprili na Mei 2021, India ilipokuwa ikichoma maiti usiku na mchana, wako waliotazama mazishi ya baba kwenye simu.

Pesa wanatuma, hilo hatukatai. Tangu 2022 India imekuwa ikipokea zaidi ya dola bilioni 100 kila mwaka kutoka kwa watu wake walio nje, Ghuba, Marekani na kwingineko. Hakuna nchi inayopokea zaidi. Zimejenga nyumba na kusomesha wengi. Lakini sisi tunaona si haki kumhesabu mtu huyu kama ghala. Simu ikilia kutoka nyumbani iwe ni paa, ada, harusi ya binamu, na hakuna aliyeuliza kama kazi bado ipo.

Kwa hivyo mzazi akija mbele ya kamati, msimkatalie kwa mdomo tu, wala msimkubalie kwa kuona haya. Muulizeni mwajiri ni nani, na barua yake iko wapi. Wala msikubali jina la wakala. Mwajiri wa kweli wa H-1B ndiye anayeomba viza na kulipa ada zake, na Septemba 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi tangazo la kudai dola 100,000 kwa ombi jipya la mtu aliye nje ya nchi hiyo. Kampuni itamfikiria sana kijana kabla ya kutoa kiasi hicho. Anayedai kijana wenu amlipe yeye kwanza ndipo ampe kazi, huyo mpelekeni kwa chifu. Kama ni kwenda kusoma kwanza, hiyo ni hesabu nyingine, na ada ihesabiwe ya miaka yote, si ya muhula mmoja. Msipokee hati ya shamba wanakolala watoto wengine kuwa dhamana. Na mkopo upangwe kana kwamba miezi sita ya mwanzo hakutatumwa hata shilingi moja. Kama hauwezi kulipika hivyo, basi ni mkubwa kwa kikundi chenu.

Tuanze maswali. Mama pale dirishani, ulikuwa umeinua mkono tangu tulipozungumzia simu.