Mwamba Laini Chini ya Niagara

Mwezi Septemba 2006, mashine yenye kipenyo cha mita 14.4, iliyopewa jina la Big Becky, ilianza kutoboa mwamba upande wa Kanada wa Niagara. Kazi yake, msikilizaji, ilikuwa kuchimba handaki la kilomita 10.2 la kupeleka maji ya mto kwenye mitambo ya umeme ya Sir Adam Beck.

Ardhi ya huko ni mashapo yaliyotuama zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Juu kuna dolomaiti ngumu. Chini yake hupokezana mwamba wa tope, mawe ya chokaa na mawe ya mchanga. Chini zaidi uko mwamba mwekundu wa tope uitwao Queenston, na huko ndiko handaki lilikolazimika kushuka, mita 140 hivi chini ya ardhi. Njia ya juu ilizibwa na korongo la kale la St. Davids, lililofukiwa na mashapo ya enzi ya barafu.

Kukata Queenston hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa paa. Mwamba ule umelala tabaka juu ya tabaka, zisizoshikana sana, nao unabanwa ubavuni kwa nguvu kubwa. Mashine ilipopita, vibamba vilibanduka na kuporomoka kabla mafundi hawajaweka vyuma na kupulizia zege. Shimo lililokusudiwa kuwa duara likabaki na pango juu yake, kina cha mita kadhaa.

Ikabidi vyuma vichomekwe kwenye mwamba mbele ya mashine ili kushikilia paa lisiloanza hata kuchimbwa. Tena ramani ikabadilishwa, handaki lipande mapema kutoka Queenston. Mwaka 2009 bajeti ilipanda kutoka dola za Kanada milioni 985 hadi bilioni 1.6. Big Becky ilitokeza upande wa pili Mei 2011.

Hata hapo mwamba haukuwa umekwisha vituko. Queenston una chumvi ya kale ndani yake. Ukikutana na maji ya mto yasiyo na chumvi, chumvi hutoka polepole na mwamba huvimba. Kwa hiyo handaki zima lilivikwa utando usiopitisha maji, likajengewa zege ndani, kisha rojo ya saruji ikasukumwa kwa shinikizo nyuma ya zege hilo, libanwe vizuri dhidi ya mgandamizo wa maji.

Maji yalianza kuzalisha umeme Machi 2013, mita za ujazo 500 hivi kila sekunde. Handaki limesanifiwa kudumu miaka 90.