Kwa Nini Njia Ile ni Nyembamba? Mathayo 7 na Majirani wa Buyenzi

Mada iliyotolewa kwa wachungaji, makatekista na viongozi wa kwaya, Buyenzi, Bujumbura



Mada niliyopewa kila mmoja wenu ameshaihubiri au ameshaiimba: njia mbili, nyembamba na pana, na mwisho wa kila moja. Sina haja ya kuwaeleza mnayoyajua tangu shule ya Jumapili. Nitauliza swali moja tu: kwa nini njia iendayo uzimani ni nyembamba? Nina wasiwasi kwamba tumezoea kulijibu harakaharaka, na jibu letu limekuwa dogo kuliko Injili yenyewe.

Jibu tulilolizoea ni orodha. Pombe, dansi, suruali kwa wanawake, nywele za bandia, mpira siku ya Jumapili. Aliyeyaacha hayo yuko njia nyembamba, asiyeyaacha yuko ile nyingine. Lipo pia jibu la pili, ambalo hapa Buyenzi tunalisema kwa sauti ya chini tukiwa wenyewe kwa wenyewe: sisi Wakristo mtaani humu ni wachache, Waislamu ni wengi, na Yesu alishasema wengi wako njia pana, basi hesabu imekwisha. La kwanza nitalipinga kwa upole. La pili silionei huruma.

Orodha na historia yake

Mwaka 1866, mjini Stuttgart, mama mmoja Mkristo wa Kijerumani, Charlotte Reihlen, alibuni picha ya njia mbili, mchoraji akaichora, ikachapishwa. Ikaenea Ulaya, ikatolewa kwa lugha nyingine, ikasafiri na wamisionari. Bila shaka wengine mmeiona, au mmeona mojawapo ya nakala zake nyingi. Kushoto ni barabara pana yenye nyumba ya ulevi, ukumbi wa maigizo na nyumba ya kamari. Kulia ni kinjia chembamba kinachopita kanisani na kwenye shule ya Jumapili. Ukiinua macho juu upande wa kushoto, karibu na moto, utaona treni. Kosa la treni ile lilikuwa kusafiri Jumapili. Sisi Warundi, ambao nchi yetu haijawahi kuwa na reli, angalau dhambi hiyo ilitupita.

Siidharau picha ile, na pombe siitetei. Kina mama waliopo hapa wanazijua nyumba ambazo mshahara huishia baa kabla haujafika jikoni. Ninachosema ni kwamba kila kizazi huichora njia pana kwa vitu ambavyo kizazi hicho kinaviogopa. Stuttgart waliogopa treni na ukumbi wa maigizo, sisi tunaogopa simu na suruali. Orodha inabadilika, Injili ipo palepale. Na orodha ina hatari moja kubwa: mtu anaweza kuitimiza yote, kuanzia juu hadi chini, na bado akawa muuaji. Katika nchi hii hilo si jambo la kuwazia tu. Burundi ya mwaka 1972 na Burundi ya mwaka 1993, miaka ya mauaji ya kikabila, ilikuwa nchi ya Wakristo. Wengi wa walioua, na wengi wa waliouawa, walibatizwa na kufundishwa katekisimu ileile.

Mstari unaotangulia

Fungueni Mathayo sura ya 7. Tumezoea kuanza kusoma mstari wa 13, palipo na mlango. Rudini nyuma mstari mmoja. Mstari wa 12 unatuagiza kuwatendea watu yale tunayotaka tutendewe, na Yesu anasema hiyo ndiyo Torati yote na manabii. Baada ya hapo, bila kupumua, anawaambia waingie kwa mlango mwembamba. Sisi wahubiri ndio tuliozoea kuipasua mistari hii miwili, mmoja kwa ajili ya somo la watoto, mwingine kwa ajili ya mkutano wa injili.

Msisahau pia kinachofuata. Mstari wa 15 unaonya juu ya manabii wa uongo. Wa 21 unawataja wanaoita Bwana, Bwana, na ambao hawataingia. Watu hawa wanatabiri, wanatoa pepo, wanafanya miujiza, kwa hiyo hawatoki baa wala kwenye dansi. Wanatoka kwenye mikutano kama yetu. Kwa maneno mengine, njia pana anayoizungumzia Yesu inapita ndani ya kanisa, na pengine mbele kabisa, karibu na maikrofoni.

Luka naye, sura ya 13, anatuambia kwamba mtu mmoja alitaka kujua hesabu: je, wanaookoka ni wachache? Yesu hakumpa hesabu. Aliwaambia wajitahidi wao kuingia. Halafu akaeleza juu ya watu wanaobisha hodi mlango ukiwa umeshafungwa, wanaojitetea kwamba walikula na kunywa pamoja naye, na kwamba alifundisha katika njia za mji wao. Sisi tunaweza kujitetea hivyohivyo: Bwana, ulihubiriwa katika avenyu zetu zote za Buyenzi, tena kwa vipaza sauti, hadi saa nne za usiku! Walioambiwa hawajulikani ni hao. Na walioketi karamuni walitoka mashariki na magharibi, kaskazini na kusini.

Buta

Kwa Burundi, ukitaka kuona mlango mwembamba ni kitu gani, usiende mbali. Nenda Buta, kusini, katika Bururi, kwenye seminari ndogo ya Kanisa Katoliki, ambayo ni shule ya sekondari ya wavulana.

Mwaka 1997 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa na miaka mitatu na nusu, tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993. Shule nyingi nchini zilikuwa zimegawanyika, bweni la Wahutu na bweni la Watutsi. Mkuu wa Buta, Padri Zacharie Bukuru, alikataa kuungoja mgawanyiko huo. Aliwapa vijana nafasi ya kuzungumza waziwazi juu ya yanayotokea nchini, hata yale yanayouma, Wahutu na Watutsi wakisikilizana. Walisali pamoja, walicheza pamoja, waliimba pamoja. Nawaomba myakumbuke haya, kwa sababu tukisimulia Buta huwa tunarukia asubuhi ile ya mauaji kana kwamba vijana wale waliangukiwa na ujasiri kutoka mbinguni usiku mmoja. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa miaka.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi wenye silaha waliivamia seminari. Waliwakuta vijana bwenini, wakawaamuru watengane: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Amri ikarudiwa, wakakataa tena. Wakapigwa risasi na kutupiwa mabomu. Waliokufa ni 40. Wamezikwa hapohapo Buta, na kanisa la kumbukumbu limejengwa. Mwaka 2019 maaskofu wa Burundi walifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenyeheri, pamoja na watu wengine, akiwemo Padri Michel Kayoya, mwandishi na mshairi, aliyeuawa Mei 1972.

Sasa tumtafakari kijana Mhutu aliyekuwa ndani ya bweni lile. Waasi walikuwa wa kabila lake. Njia pana ilikuwa wazi mbele yake, urefu wake hatua chache, kutoka kitanda kimoja hadi ukuta wa pili. Angezitembea hatua hizo asingeambiwa amkane Kristo. Asingekunywa pombe, asingezini, asingevunja hata kipengele kimoja cha orodha yetu. Angeokoa maisha yake, na kijijini kwao hakuna ambaye angemlaumu. Ni mstari wa 12 peke yake ambao ungemzuia: ningekuwa Mtutsi, ningetaka huyu anifanyie nini?

Hapo ndipo ninapoona kwa nini njia ile ni nyembamba. Njia pana ni kwenda na watu wako. Haidai uwe mwovu, inadai usimame upande wako tu. Ndiyo maana wanaoipita ni wengi, na ndiyo maana wengi wao ni watu wema.

Na Buta haikuwa peke yake. Wiki sita kabla yake, tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wa sekondari ya Nyange, Rwanda, walipewa amri hiyohiyo, wakaikataa vilevile, na baadhi yao wakauawa.

Basi la Mandera

Nakuja kwenye jibu la pili, lile la hesabu ya wachache na wengi.

Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, wapiganaji wa kundi la Kiislamu la al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga wasio Waislamu, wakaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, wakavamia basi jingine lililokuwa likienda Mandera, wakatoa amri ileile: Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwavika Wakristo hijabu zao. Walijua vizuri yaliyotokea mwaka uliotangulia. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi.

Mnajua swali linalokuja. Salah Farah alikuwa njia ipi?

Sitawajibu kama hakimu, kwa sababu kiti hicho kina mwenyewe. Naamini neno la Yohana 14, kwamba Kristo ndiye njia, na sikuja hapa kulipunguza. Lakini nasoma pia Mathayo 25, ambapo walio mkono wa kuume wanashangaa, hawakujua kwamba walikuwa wakimhudumia yeye. Nasoma mfano wa Msamaria. Nikiyaweka hayo pamoja, ninaona jambo moja kwa hakika: Mkristo anayetumia mlango mwembamba kuwahesabu majirani zake waliopotea ameushika ule mstari kichwa chini. Yesu alipoulizwa juu ya wengine, alijibu kwa kuwageukia waliokuwa mbele yake. Waislamu wa Buyenzi husoma Fatiha, sura ya kwanza ya Kurani, mara 17 kila siku katika swala zao za faradhi, na ndani yake wanaomba waongozwe kwenye njia iliyonyooka. Jirani anayeomba hivyo mara 17 hastahili kuhubiriwa kana kwamba hajawahi kusikia kwamba kuna njia.

Na sisi Wakristo wa Buyenzi tuna deni kwa majirani hao. Mwaka 1994 mitaa ya jiji hili ilikuwa ikigawanywa: Kamenge ya Wahutu, Ngagara na Musaga za Watutsi. Buyenzi na Bwiza zilibaki zimechanganyika muda mrefu zaidi, mpaka mashambulizi ya Machi 1995 yalipozifikia nazo na watu wengi wakakimbia. Wazee wa mtaa huu wanajua ni mlango upi uliofunguliwa siku zile kuwaficha watu, na upi uliobaki umefungwa. Wanajua pia kwamba si kila uliofunguliwa ulikuwa wa Mkristo.

Pingamizi moja

Najua kuna mchungaji atakayesimama baadaye aseme: mtoa mada ametuletea wokovu wa matendo. Hapana. Waefeso 2 inasema tumeokolewa kwa neema, na mstari wa 10 wa sura hiyohiyo unasema tumeumbwa tutende mema. Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, na Kampala kuelekea miaka ya 1930, walihubiri neema na msalaba kuliko sisi. Kwa sababu hiyohiyo, Kenya katika miaka ya 1950, Walokole wengi, yaani wafuasi wa uamsho huo, walikataa kula kiapo cha waasi wa Mau Mau na wakakataa pia kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa kwa hilo. Orodha zetu za mavazi na pombe tumezirithi kwao, lakini kukataa kwao kuchagua upande wa kuua tulikuacha njiani. Gahini ipo Rwanda, na Rwanda hiyohiyo ilipatwa na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994: iliwezekanaje? Nadhani swali hilo linahitaji semina yake.

Ninayowaomba

Kwanza, yeyote atakayehubiri Mathayo 7:13 asome kwa sauti na mstari wa 12. Hilo halihitaji bajeti.

Pili, kila tarehe 30 Aprili, makanisa yetu yote, ya Kikatoliki, ya Kiprotestanti na ya Kipentekoste, yasimulie habari ya Buta, kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Vijana wa kwaya waliopo hapa wengi hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Na mkisimulia, anzeni na mazungumzo ya shuleni yaliyotangulia, msianze na risasi.

Tatu, mikutano ya usiku: vipaza sauti viache kuelekezwa misikitini.

Nne, na hili nalisisitiza. Wale wazee wa Buyenzi, Wakristo na Waislamu, waliowaficha watu mwaka 1994 na 1995, wanazeeka na wanakufa. Kila kanisa lililowakilishwa hapa lichague vijana wawili wakawasikilize na kuandika, kwa idhini yao, bila kumtaja anayeogopa kutajwa. Wawaendee wote, wa kanisani na wa msikitini. Tukikubaliana, tuchague vijana hao leo kabla ya chakula cha mchana.